Hiari na Amri: Historia ya Uongozi katika Milima ya Upangwa

Historia ya uongozi katika nyanda za juu za kusini mwa Tanzania huandikwa mara nyingi kwa kufuata majina ya watawala wakubwa, hasa Mkwawa wa Wahehe, Merere wa Wasangu na machifu wa Kingoni wa Songea, kwa kuwa hao ndio waliopambana na Wajerumani au kushirikiana nao na kwa hiyo wakaingia katika nyaraka zao. Mtazamo huo huwaacha pembeni watu wa milima iliyo kati ya Njombe na Ziwa Nyasa, ambao kwa muda mrefu hawakuwa na mfalme wala jeshi la kudumu, lakini walikuwa na viongozi, na walijua vizuri nani anastahili kuheshimiwa na nani amejiondolea heshima hiyo mwenyewe. Lugarawa, ambayo leo ni kata ya Wilaya ya Ludewa katika Mkoa wa Njombe, iko ndani ya nchi hiyo ya Wapangwa. Hoja ya makala haya ni kwamba uongozi wa huko ulijengwa tangu zamani juu ya hiari ya watu kubaki na kujitolea, na kwamba kila dola iliyoingia ilijaribu kuweka amri mahali pa hiari bila kufaulu kabisa.

Ukoo, pombe ya kazi na tanuru

Upangwa ni nchi ya miinuko mikali inayoshuka magharibi hadi Ziwa Nyasa na kusini hadi bonde la mto Ruhuhu, na katika nchi ya namna hiyo makazi hayakuweza kuwa makubwa. Familia zilijenga kwenye migongo ya vilima, zikalima ulezi, maharage na baadaye mahindi kwenye miteremko, na kiangazi zikashuka mabondeni kulima vinyungu, yaani bustani ndogo zinazotegemea unyevu uliobaki kandokando ya vijito. Mkuu wa ukoo aligawa ardhi kwa watoto wa ukoo na kwa wageni waliokuja kuomba hifadhi, aliamua mashauri ya mipaka, mahari na tuhuma za uchawi, na aliongoza matambiko kwa wahenga pale mvua ilipochelewa au maradhi yalipozidi. Hakuwa na askari wala gereza. Mtu aliyeona ameonewa katika shauri aliweza kufunga mzigo wake na kuhamia kwa wajomba au kwa wakwe, na kiongozi aliyewapoteza watu kwa njia hiyo alipoteza pamoja nao mikono ya kulima, mikuki ya kujilinda na sauti za kumsifu.

Uhusiano huo ulionekana wazi zaidi katika kazi za pamoja. Mwenye shamba kubwa la kulimiwa au nyumba ya kuezeka aliandaa pombe, na majirani walikuja kwa wingi au kwa uchache kulingana na jinsi walivyomhesabu. Katika msimu wa masika kinywaji kilichopatikana kwa urahisi kilikuwa ulanzi, ambao ni utomvu wa mianzi: machipukizi machanga hukatwa ncha, utomvu hukingwa kwa chombo cha mwanzi kiitwacho mbeta, na baada ya saa chache huchacha wenyewe bila kutiwa chochote. Pombe hiyo haikuwa mshahara. Ilikuwa shukrani iliyotolewa hadharani, na aliyewahi kukaa nyumbani wakati wenzake wakilimiwa alijua kwamba siku yake ikifika shamba lake litakuwa na wageni wachache. Kwa hiyo hata mkuu wa ukoo, aliyekuwa na haki ya kuita watu, alilazimika kuhudhuria kazi za wengine ili wito wake uitikiwe.

Namna ya pili ya uongozi ilihusu ufundi. Wapangwa walijulikana kwa uyeyushaji wa chuma, na maisha yao ya jadi pamoja na ufundi huo yameelezwa kwa kina na Hans Stirnimann, mtafiti wa Uswisi aliyechapisha kitabu kuhusu ufundi wao mwaka 1976, na baada yake na mwanaakiolojia Randi Barndon wa Norway. Kuyeyusha chuma kulihitaji kundi la watu waliopasua kuni, kuchoma makaa, kuchimba mawe ya chuma, kujenga tanuru la udongo na kupokezana mivukuto kwa saa nyingi mfululizo. Aliyewasimamia alijua kiasi cha makaa na mawe cha kutia na wakati wa kukitia, na ndiye pia aliyetunza dawa za tanuru na kuhakikisha kwamba wafanyakazi wanashika miiko, hasa mwiko wa kutolala na wake zao mpaka kazi iishe. Amri zake zilitiiwa bila ubishi, kwa kuwa kosa la mtu mmoja lingeweza kuharibu jasho la wote, lakini mamlaka hayo yalihusu kazi ile na muda ule. Jembe lililotoka humo liliingia katika mahari na katika biashara ya kubadilishana na majirani, wakiwamo Wakisi wa mwambao wa Ziwa Nyasa, ambao wanawake wao ni wafinyanzi mashuhuri wa vyungu. Uongozi, basi, ulikuwa umegawanyika: mtu mmoja aliongoza katika ardhi, mwingine katika tambiko, mwingine penye moto, na hakuna aliyejikusanyia yote.

Vita, njaa na jina la chifu

Mpangilio huo ulitikiswa katikati ya karne ya 19. Wangoni, waliotoka kusini mwa Afrika na kuvuka mto Zambezi mwaka 1835, walifika hatimaye katika nchi ya Songea na kuanza kuvamia majirani wa kaskazini, huku Wahehe nao wakipanua himaya yao kutoka upande wa Iringa. Wapangwa wengi walipanda kwenye sehemu za milima zisizofikika kirahisi, wengine walichukuliwa mateka na kuingizwa katika jamii ya Wangoni, na wengine walijiweka chini ya watu hodari walioweza kuwalinda. Ulinzi ukawa sababu mpya ya kumfuata mtu, na kiongozi wa vita akapata nguvu ambayo mkuu wa ukoo hakuwahi kuwa nayo. Hata hivyo watu hao waliomfuata hodari wa vita walikuwa wakimchagua, na aliyeshindwa kuwalinda aliachwa.

Vita vya Maji Maji vilivyoanza katika milima ya Umatumbi mwezi Julai mwaka 1905 vilifika Ungoni, Ubena na Upangwa miezi michache baadaye. Mwezi Septemba mwaka huo Mbeyela, kiongozi wa Wabena, aliongoza shambulio dhidi ya kituo cha misheni ya Kilutheri cha Yakobi karibu na Njombe, na Wapangwa nao walikishambulia kituo cha misheni cha Milo katika milima yao. Majibu ya Wajerumani hayakuishia kwenye risasi. Maghala yalichomwa, mashamba yaliharibiwa na mifugo ikachukuliwa kwa makusudi ili njaa imalize kile ambacho bunduki hazikukimaliza. Makadirio ya jumla ya vifo katika vita vyote hutofautiana, kutoka 75,000 katika hesabu ya Wajerumani hadi 250,000 au 300,000 katika hesabu ya mwanahistoria Gilbert Gwassa, na kwa Upangwa wanahistoria hurudia makadirio kwamba robo tatu ya watu walipotea. Hata kama hesabu hiyo ilizidishwa, maana yake kwa uongozi ni dhahiri: koo zilivunjika, wazee waliojua mipaka na mashauri walikufa, na waliobaki walianza upya wakiwa wachache, chini ya dola ambayo haikuwa imeombwa na mtu.

Dola hiyo ilihitaji wakusanyaji wa kodi kuliko waamuzi wa mashauri. Chini ya Wajerumani kazi hiyo ilifanywa na maakida na majumbe, yaani watumishi wa serikali waliosimamia eneo au kijiji, na chini ya Waingereza ilipewa sura mpya na Gavana Donald Cameron kupitia sheria ya mamlaka za wenyeji ya mwaka 1926. Sheria hiyo ilianzisha utawala wa kupitia machifu, ambao walipewa mshahara, baraza la mahakama na hazina ndogo inayotokana na sehemu ya kodi. Katika Ubena ukoo wa Mbeyela ulirudishwa madarakani kupitia Pangamahuti Mbeyela, lakini kwa jamii zisizowahi kuwa na mtawala mmoja utaratibu huo ulimaanisha kumtengeneza chifu pasipokuwa na uchifu. Mtu aliyekuwa mkuu wa ukoo mmoja alijikuta akiwaamuru watu wa koo nyingine kulipa kodi na kutengeneza barabara, na nguvu yake ilitoka Bomani, yaani ofisi ya serikali ya wilaya, si kwa wale aliowaongoza.

Watu walijibu kwa njia waliyoizoea, nayo ni kuondoka. Kuanzia miaka ya 1920, na zaidi baada ya wamiliki wa mashamba ya mkonge kuunda mwaka 1944 shirika la kuajiri vibarua lililojulikana kwa jina la SILABU, wilaya ya Njombe ikawa mojawapo ya vyanzo vikubwa vya manamba, yaani vibarua wa mkataba walioitwa hivyo kwa sababu kila mmoja alipewa namba. Wanaume wa Upangwa na Ubena walikwenda Tanga na Morogoro kukata mkonge, na wengine wakaishia karibu zaidi kwenye mashamba ya chai ya Mufindi. Huko walikutana na namna nyingine ya uongozi, ile ya nyapara, msimamizi wa kundi aliyegawa kazi, kuhesabu matita na kuripoti wavivu. Mwanahistoria James Giblin, katika kitabu chake cha mwaka 2005 kuhusu Njombe, anaonyesha jinsi watu wa wilaya hiyo walivyoifanya familia kuwa kimbilio dhidi ya dola, kwa kusaidiana kulipa kodi, kusomesha watoto na kuanzisha biashara nje ya macho ya chifu. Aliyerudi kutoka mkonge akiwa na fedha, ujuzi wa kusoma na marafiki wa mbali aliombwa ushauri kabla ya chifu kuulizwa, na kwa njia hiyo uongozi wa hiari uliendelea kuishi chini ya uongozi wa amri.

Kijiji, mpango na operesheni

Uhuru wa mwaka 1961 ulileta ahadi ya kuunganisha namna hizo mbili. Uchifu ulifutwa kisheria Tanganyika mwaka 1963, na chama cha TANU kikaanzisha utaratibu wa mabalozi wa nyumba kumi, ambapo kila kundi la nyumba kumi lilimchagua mmoja wao kupeleka neno chamani na kurudisha neno la chama nyumbani. Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliweka miiko ya uongozi, iliyomkataza kiongozi kuwa na mishahara miwili, hisa katika kampuni au nyumba za kupangisha, na Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 ukakemea kiburi na unyanyasaji wa viongozi kwa watu walio chini yao. Msemo wa cheo ni dhamana, uliojulikana kwa kila mwanachama, ulieleza kanuni ambayo mkuu wa ukoo wa zamani angeitambua bila kufafanuliwa: mamlaka ni kitu cha kukopeshwa, na mwenye mali anaweza kukidai.

Jaribio lililoichukua kanuni hiyo kwa uzito kuliko yote halikufanyika mbali na Upangwa. Ng'ambo ya Ruhuhu, huko Litowa wilayani Songea, vijana wa TANU walianzisha kijiji cha ushirika mwanzoni mwa miaka ya 1960, na vijiji vingine vilivyowafuata vikaungana katika Chama cha Maendeleo cha Ruvuma, ambacho mmoja wa viongozi wake wakuu alikuwa Ntimbanjayo Millinga. Kila kijiji kilijiamulia mambo yake katika mikutano, kazi ziligawanywa na wanakijiji wenyewe, na shule ya Litowa ilifundisha masomo yaliyofungamana na maisha ya kijiji. Rais Julius Nyerere aliusifu mfano huo, lakini Kamati Kuu ya TANU iliuvunja mwezi Septemba mwaka 1969, kwa kuwa chama hakikuwa tayari kuwa na chombo kilichoongoza watu bila kuongozwa na chama. Miaka michache baadaye Operesheni Vijiji ya 1973 hadi 1976 iliwahamisha mamilioni ya Watanzania kwenda kwenye vijiji vilivyopangwa, na milimani familia zilizokuwa zimetawanyika ziliagizwa kujenga kwa mistari kando ya barabara. Kwa mara ya kwanza haki ya kuhama, ambayo ilikuwa silaha ya raia dhidi ya kiongozi mbaya, iligeuzwa kuwa amri ya kiongozi dhidi ya raia.

Urithi wa operesheni hiyo haukuwa hasara tupu. Sheria ya Vijiji ya mwaka 1975, na baada yake Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982, ziliupa kijiji nafsi ya kisheria, mkutano mkuu wa wanakijiji wote wenye umri wa miaka 18 na kuendelea, na halmashauri ya wajumbe 15 hadi 25, ambao robo yao angalau wawe wanawake. Sheria hiyo ya pili inagawa uongozi kwa namna ambayo wengi hawaioni: mwenyekiti wa kijiji huchaguliwa na hana mshahara, ilhali mtendaji wa kijiji huajiriwa, hulipwa na anaweza kuhamishwa. Mtu wa kwanza hutegemea watu na wa pili hutegemea ofisi, na hapo mvutano wa tangu enzi ya chifu umewekwa ndani ya jengo moja.

Kanisa, wagonjwa na viongozi wasio na cheo

Historia ya Lugarawa haielezeki bila Kanisa Katoliki, ambalo kituo chake huko kilikua na kuwa mji mdogo wenye kanisa, shule na Hospitali ya Mtakatifu Yohane, inayomilikiwa na Jimbo la Njombe. Jimbo hilo liliundwa mwaka 1968, na kuanzia mwaka 1971 liliongozwa na Askofu Raymond Mwanyika kwa zaidi ya miaka 30. Katika miaka hiyo ya 1970 maaskofu wa Afrika Mashariki walikubaliana kulijenga Kanisa juu ya jumuiya ndogondogo, yaani vikundi vya familia jirani zinazosali kwa zamu katika nyumba zao, kuchangia mazishi na kumtembelea mgonjwa. Jumuiya hizo ziliwapa wanawake nafasi ambayo ukoo, uchifu na chama havikuwapa kwa urahisi, kwa kuwa mara nyingi wao ndio wanaohudhuria kwa wingi, kutunza daftari la michango na kujua nyumba gani haijala.

Uzito wa nafasi hiyo ulijulikana janga la UKIMWI lilipoukumba mkoa. Utafiti wa kitaifa wa 2011–12 ulionyesha kwamba Njombe ilikuwa na kiwango kikubwa cha maambukizi kuliko mikoa yote, asilimia 14.8 ya watu wenye umri wa miaka 15 hadi 49, wakati wastani wa Tanzania ulikuwa asilimia 5.1. Katika hali hiyo kiongozi alikuwa yule aliyeingia katika nyumba ambayo wengine waliikwepa, akamwogesha mgonjwa, akamkumbusha dawa na kuamua nani atakaa na watoto mazishi yakiisha. Wahudumu wa wagonjwa majumbani na bibi waliolea wajukuu hawakupigiwa kura na yeyote, lakini walitimiza kile ambacho Waswahili hukitaja kwa methali ya mkubwa ni jalala, kwamba anayeongoza hupokea taka za wote bila kuzirudisha. Mkoa huohuo ulimtoa Anne Makinda, aliyeingia bungeni mwaka 1975 na kuwa mwanamke wa kwanza kuwa Spika wa Bunge la Tanzania kuanzia 2010 hadi 2015. Njia ya kufika katika kiti hicho ni tofauti na ya mtunza daftari wa jumuiya, ila zote mbili zilipita mahali ambapo desturi haikuwa imemwekea mwanamke nafasi.

Kipimo cha maboma

Katika vijiji vya leo kipimo cha uongozi hakipatikani kwenye sanduku la kura peke yake. Uchaguzi wa serikali za mitaa hufanyika kila miaka mitano, lakini mwaka 2019 vyama vikuu vya upinzani vilijiondoa na wagombea wa chama tawala wakapita bila kupingwa katika maeneo mengi nchini. Kipimo kinachofanya kazi kila mwezi ni mchango. Kwa desturi iliyozoeleka nchini, wanakijiji hukusanya mawe, mchanga, tofali na nguvu kazi, wakapandisha kuta za darasa au zahanati hadi kwenye lenta, kisha Serikali huombwa kuezeka na kumalizia. Majengo yaliyosimama yakisubiri hatua hiyo huitwa maboma. Waraka wa Elimu namba 5 wa mwaka 2015, uliofuta ada na michango ya lazima shuleni, ulimwondolea kiongozi fimbo ya kumlazimisha mzazi, na tangu hapo anayetaka boma lipande inampasa awashawishi watu.

Ushawishi huo hujengwa katika mkutano mkuu wa kijiji, ambao kwa sheria unapaswa kufanyika kila baada ya miezi mitatu, na hasa katika ajenda ya mapato na matumizi. Mtendaji husoma kiasi kilichokusanywa, mifuko ya saruji iliyonunuliwa na bei yake, fundi aliyelipwa na salio lililoko benki. Kisha huja maswali, kwa kuwa wapo walioihesabu mifuko ikishushwa na wanaojua bei ya saruji mjini Makambako. Taarifa ikikubaliwa, mchango unaofuata hutoka. Ikifichwa au ikisomwa haraka, hakuna anayegoma kwa sauti: watu hutoa udhuru, siku ya kazi wanakuja wachache, na boma huota nyasi. Katika wilaya hiyohiyo ya Ludewa mradi wa umeme wa maji wa Mawengi, uliojengwa kwa msaada wa shirika la Italia la ACRA na kukabidhiwa jumuiya ya watumiaji iitwayo LUMAMA, umeweka kanuni hiyohiyo katika jambo gumu zaidi, kwa sababu mtambo hauwezi kudumu kama watumiaji hawalipi na hawalipi kama hawaamini wanaoshika fedha.

Tukio hilo la nyasi kuota ndani ya kuta lina ukoo na lile la shamba lenye wageni wachache siku ya kulimiwa. Mpangwa wa karne ya 19 aliyehamia kwa wajomba, manamba aliyekwenda Tanga ili asitumwe na chifu, na mkazi wa leo anayetoa udhuru siku ya tofali wanatumia haki moja, haki ya kutompa kiongozi kile ambacho hawezi kukichukua kwa nguvu. Sheria zimebadilika mara nyingi, kutoka jumbe hadi chifu, kutoka balozi wa nyumba kumi hadi mwenyekiti wa kitongoji, na kila badiliko lilimpa kiongozi muhuri mpya. Lililobaki kuwa la watu wenyewe ni kuamua kama muhuri huo utaitikiwa, na kiongozi wa Upangwa aliyeielewa historia hii huanza kazi yake kwa kutoa hesabu kabla hajadai utii.